Upana wa Kidole Gumba

Mimi nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu.
Kazi ya siku tatu, posho na chai,
darasa la sita, shule ya Faza,
madawati yamesukumwa ukutani
na ramani imetandazwa mezani kama mkeka,
pembe zake zimegandamizwa kwa vikombe.

Nchi kavu ilikuwa na majina.
Bahari ilikuwa buluu tu,
buluu moja, laini, kama shuka la hospitali,
na juu yake mstari mwekundu: njia ya meli.

Daktari Mutheu hakutuficha neno.
"Miaka yote mmeletewa miradi mmoja mmoja.
Gati lilikuja peke yake, likaulizwa: utadhuru nini?
Likajibu: mimi ni dogo tu.
Ikaja hoteli: mimi ni ndogo.
Ukaja mtambo: mimi, mdogo.
Kila mmoja na cheti chake mkononi.
Leo hatuliulizi gati. Tunauuliza mpango mzima,
kabla mtu hajapima hata futi moja."

Haba na haba hujaza kibaba:
tulifunzwa hivyo kwa habari ya akiba.
Hakuna aliyetwambia kuwa kibaba
hujaa vivyo hivyo kwa tope.

Nikaandika: athari jumlishi.
Nikatia nukta. Nikaifuta.

Mwanamize wa Kizingitini ndiye aliyeomba penseli.
Anachokoa pweza tangu mchokoo ukimzidi kimo.
Aliinama juu ya buluu ile, akachora duara,
akaandika herufi moja moja, kama atungaye shanga:
MWAMBA MKUNGA.
"Hapa pweza hutotoa. Hapa paacheni."
Nikamuuliza, ili niandike sawa:
mkunga samaki, au mkunga mzalishaji?
"Wote wawili," akasema, bila kuinua kichwa.

Baada yake penseli haikupumzika.
Somoye akatia nyasi za bahari,
na nukta moja pembeni, pale babake
alipomwona nguva, akadhani ni mtu anayezama.
Lali akatia mikoko, akiihesabu kwa unene:
fito, pau, boriti, nguzo;
na mkondo wa tatu, ambako siku hizi
ukitafuta nguzo unarudi na fito.

Shali, binamu yangu, alisimama nyuma kabisa.
"Na barafu je? Nyinyi mwachora pweza,
samaki wangu waoza Mtangawanda.
Mimi nataka gati. Nataka umeme.
Andika hivyo, na jina langu."

Nikaandika. Alisema kweli.

"Basi njoo," Daktari akamwita,
"tuonyeshe gati likae wapi."
Aliitazama ramani muda mrefu kuliko sote,
yeye aliyekuja kugomba.
Kisha akaweka kidole mbali na lile duara,
mbali na nukta ya nguva,
kama mtu anayekwepa miguu ya waliolala.

Rasimu ilirudi baada ya miezi kumi na mmoja.
Kurasa mia tatu na kitu.
Nilitafuta majina yetu. Nikakuta:
"wakazi walishauriwa."
Nikatafuta barafu: aya mbili.
Nikatafuta mwamba, na kwenye ramani ya nane
nikaukuta umeandikwa Mwamba Mkungu,
mkungu, kama wa ndizi, katikati ya maji.

Lakini ule mstari mwekundu ulikuwa umepinda.
Si sana. Upana wa kidole gumba.

Nikampelekea Mwanamize, amekaa barazani
anaponda pweza kwa mti, shap, shap.
Akajifuta mkono, akaweka gumba juu ya karatasi,
akapima kutoka duara hadi mstari.
"Nusu saa kwa miguu," akasema, "bamvua likitoka."
Akanyamaza.
"Wameshatia sahihi?"

Bado, nikamwambia. Ni rasimu.

Akanyoosha mkono nimpe kalamu.
Akaifuta ile u kwa mkato mmoja,
akaandika a,
kubwa, nyeusi, ikavuka mpaka wa ramani,
kisha akarudi kwenye pweza wake.