Pipa Halina Msumari

Belmiro Quintela, miaka themanini na sita,
aliteleza alfajiri akishusha takataka
kwenye ngazi za mawe nyuma ya nyumba yake,
Gaia, ng'ambo ya mto Douro.
Kipandio cha tatu. Anakitaja kama mtu
anayemtaja mwizi kwa jina.

Mguu umefupika, unyayo umelala nje.
Kabla ya picha nilishajua.
Picha ikaja: nyonga vipande vinne,
ukuta wa ndani umebomoka,
na ufa umekwenda mshazari, kinyume,
ule tusiopenda kuuona usiku.

"Fundi mwenzangu," akaniita
(miaka ishirini na moja ya upasuaji,
hakuna aliyewahi kuniita hivyo),
"utanifunga kwa nini?"

Nikachora nyuma ya karatasi ya chakula.
Hili ni bamba, linakaa ubavuni mwa paja.
Skrubu nene inapanda hadi kichwani mwa mfupa,
inateleza ndani ya ala yake
ili mfupa ukishuka, ushukie mfupa mwenzake.
Nilifundishwa hivi Coimbra,
mkono wa mwalimu juu ya mkono wangu.
Na huu ni msumari. Unaingia juu,
unateremka ndani ya uboho, hauonekani.

Akautazama mchoro muda mrefu.
Miaka hamsini ameunda mapipa ya mvinyo.
"Pipa halina msumari, daktari.
Mbao zinabanana zenyewe,
pete zinazishika kwa nje,
unyevu unazivimbisha, basi.
Piga msumari mmoja tu,
mvinyo utautafuta mpaka uupate.
Nifunge kwa nje."

Nilitaka kukubali. Mkono wangu unalijua bamba
kama ulimi unavyojua meno.
Lakini mzee, nikamwambia,
ubao wako si mwaloni tena.
Ndani umekuwa mkate wa juzi.
Ukuta ukianguka, pete itashika nini?
Bamba liko mbali na uzito,
ni mtu aliyebeba ndoo kwa mkono ulionyooshwa.
Msumari umeikumbatia ndoo kifuani.

"Na ubaya wake?"
Hakuna refu lisilo na ncha, nikasema,
na pale penye ncha mfupa waweza kuvunjika upya.
Skrubu ya kichwani nayo, kwa njia zote mbili,
yaweza kuchimba ikatokeza.
Tumepima, tumehesabu, tumegombana mikutanoni,
na mara nyingi mwaka ukiisha
waliofungwa hivi na waliofungwa vile
wanakaa benchi moja juani,
na wengine hawapo.

Binti yake, Idalina, koti bado limelowa,
aliuliza moja tu: "Atasimama lini?"
Kesho.
"Kesho?"
Kesho. Chuma chote hiki ni kwa ajili ya kesho.

Ganzi tulimpiga mgongoni, kwa hiyo alikuwa macho,
nyuma ya pazia la kijani, akisikiliza.
Keekee ikatoboa. Nikaingiza msumari,
ukakwama. Nikachukua nyundo.
Pigo la kwanza, la pili.

"Unapiga kwa hasira," pazia likasema.
"Nyundo ina uzito wake. Iachie."

Chumba kizima kikanyamaza,
hata mashine ilionekana kungoja.
Nikalegeza kiwiko.
Msumari ukashuka upana wa kidole,
tena upana wa kidole,
kama umeitwa.

Bamba likarudi kwenye sinia bila kuguswa.
Nililiona likiondoka. Sikusema kitu.

Asubuhi, saa nne, alishika kiunzi cha kutembelea.
Telmo wa mazoezi ya viungo alikuwa kulia,
Idalina kushoto, amebeba slipa ambazo hakuzihitaji.
Hatua moja, tusi moja. Hatua ya pili.
Kisha akasimama, akakunja ngumi,
akagonga nyonga yake juu ya bandeji,
taratibu, mara mbili,
kichwa kimeinama upande mmoja,
jinsi wanavyogonga pipa kabla ya kulijaza.

Nikamwuliza amesikia nini.
Akaniomba kahawa.