Kiti cha Dereva

Kiti kilinilaza mteremko wa Mtemani,
saa nne asubuhi, mkanda nimefunga.
Kililia "kwa!" mara moja,
na mbele yangu pakawa dari la gari, si barabara,
mikono imenyooka kushika usukani
kama nateka maji ya kisima kirefu.
Sare thelathini na mbili za skuli
zilikuwa nyuma zimekunjwa, zikanipokea kichwa.
Kama si hizo, leo ningekuwa nahadithiwa.

Nikasimama kwenye majani. Nikatoa karatasi.
Dhamana: miezi sita, muhuri wa buluu, sahihi ya madaha.
Nikahesabu kwa vidole kama mwenye eda:
imekwisha Jumapili. Leo Alkhamisi.
Mtoto wa siku nne hata jina hajapewa,
dhamana ya siku nne ishakuwa marehemu.

Nikapiga simu Unguja, kwenye yadi, Fuoni.
Suweid aliyeniuzia, sauti ileile ya halua:
"Pole, dada yangu. Ungepiga Jumamosi!"
Jumamosi kiti kilikuwa kizima, nikamwambia.
"Ndiyo hapo sasa," akasema,
kama mtu aliyeshinda kesi.

Nilisema uongo kidogo.
Kilianza kuguna tangu Mfunguo Tatu.
Nikakitia mto wa mabaki ya vitambaa mgongoni,
nikasema kesho, nikasema skuli zikishafungua,
na chuma kikawa kinanisikiliza tu.

Lakini mimi ni mshoni.
Shati likifumuka kwapa mwaka wa pili
mama mtu huja nalo kwenye mfuko wa rambo,
hasemi kitu, huliweka mezani,
na mimi hutia uzi sindanoni.
Sijawahi kumuuliza mtu tarehe.

Mkwe wangu, Bi Tumu, alikuwa na jawabu lake:
"Kiti kinachomlaza mtu mchana kina mwenyewe.
Kiulizwe kinataka nini."

Fundi Shaame wa Kipangani alikiuliza kwa bisibisi.
Akalala chali, miguu nje ya mlango,
akatoka na jino la chuma, dogo kama punje ya mtama:
"Huyu ndiye aliyekulaza."
Kipuri hakuna, Pemba nzima.
Dar, wiki tatu, laki mbili na nusu, na nauli ya boti juu yake.
"Au nikichomee. Lakini nikishakichomea
hakilali tena, hakendi mbele wala nyuma.
Kaa vizuri, nikupime."

Miaka kumi na tisa napima watu mabega na viuno,
mimi sijapimwa.
Nikakaa. Nikakanyaga breki, nikashuka, nikakaa tena.
Akatia alama kwa chaki,
chaki yangu mwenyewe, niliyoitoa mkobani,
kisha nikageuza uso, cheche zikaruka.

Sasa kimesimama wima
kama mwanafunzi wa chuoni anayengoja bakora.
Kina kovu la kulehemu, unene wa kidole.
Mgongo wangu unakijua.

Ile karatasi ya dhamana ilikuwa ngumu, nzuri;
nimeikata kiolezo cha kola,
shingo ya darasa la kwanza.

Na Ijumaa kaja shemeji Haroub,
yule wa "naazima mara moja tu,"
ambaye gari likirudi, tangi linalia njaa.
Ni mrefu, miguu ya korongo.
Akaingiza mmoja, goti likagonga usukani.
Akatafuta wenzo chini ya kiti,
akapapasa, akapapasa.
"Shemeji, hiki hakirudi nyuma?"
Dhamana imekwisha, nikamwambia.

Akautundika ufunguo msumarini,
akaenda zake kwa miguu.
Mimi nikaendelea na vifungo.