Ubao wa Joto

Jumatatu, thelathini na saba nukta nane.
Naandika kwa chaki kando ya jina lake:
Nevel. Kwa lugha ya huku ni ukungu,
na rangi yake ni hiyo, ya asubuhi isiyotaka kucha.

Lori lilikuwa limerudi jana yake kutoka Uhispania,
siku mbili barabarani, farasi sita
pua kwa pua, wakigawana hewa
kama abiria wanavyogawana mkate.
Wannes akatundika utepe wa nafasi ya tatu
juu ya mlango wa ghala la nyasi.
Hakuna aliyekohoa.

Jumatano, thelathini na tisa nukta nne.
Ijumaa homa ikashuka, tukasema afadhali.
Jumamosi alikojoa matone, matone,
mkia umelegea kama tambara msumarini,
na nilipomgeuza nimtoe nje
miguu ya nyuma ikashika njia yake, ya mbele yake,
watu wawili waliogombana ndani ya koti moja.

Daktari Godelieve alisimama mlangoni.
Akauliza, "Nani mwingine ameguswa na mikono hii?"
Alikuwa akitazama yangu.

Mikono hii ilishika kitambaa kimoja cha buluu.
Ikamfuta Nevel pua,
ikamfuta Bartje pua,
ikamfuta yule mweusi wa miaka miwili
aliyenunuliwa juzi, hajapewa hata jina,
kwa sababu maji ya bomba yalikuwa barafu
na kitambaa kilikuwa karibu.
Ni hivyo tu. Natamani kungekuwa na sababu kubwa zaidi.

Ugonjwa wenyewe si mgeni, daktari alisema.
Farasi wengi huupata wangali wananyonya,
kwa pumzi ya mama, ukalala humo miaka.
Safari huuamsha. Kelele, uchovu, kiu.
Kwa kawaida ni mafua, au mimba hutoka.
Lakini kuna aina hushuka hadi uti wa mgongo,
akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma bili.
Kikulacho ki nguoni mwako.
Farasi hana nguo; chake ki ndani zaidi.

Mimi nami, kila Februari,
mdomo wa juu huniota lengelenge.
Bibi yangu kule Podlasie alinibusu nikiwa mchanga
na busu lile halijaondoka hadi leo.
"Ukoo mmoja," Godelieve akasema, akivaa glavu,
"wako na wake. Binamu wasiotembeleana.
Wako haumwingii, wake haukuingii."
Alidhani naogopa.
Nilikuwa nawaza tu kwamba kwangu busu hutoka mdomoni
baada ya wiki, na mafuta kidogo ya duka la dawa.

Kamba nyekundu getini. Ndoo za klorini.
Viatu vya huku, viatu vya kule.
Wannes jikoni anapiga simu moja baada ya nyingine:
farasi sita waliteremshwa kwenye milango minne,
na nyuma ya kila mlango kuna mtu
aliyewapokea kwa kumbatio la shingo.
Anaanza kila simu kwa kuomba radhi.
Ya tatu, akakata kabla haijapokelewa,
akanywa maji, akapiga tena.

Fundi wa matrekta alileta winchi.
Tukampitishia Nevel mkanda tumboni,
kilo mia sita zikaning'inia kwenye boriti,
kwato zikigusa majani ya kitandani kwa adabu tu.
Usiku nilikaa naye. Alikula karoti
kwenye kiganja cha plastiki,
akakinusa, akanitazama,
akanusa tena, akinitafuta.

Alhamisi amesimama dakika nne bila mkanda.
Wannes alihesabu kwa sauti, kisha akatoka nje haraka.

Nikavaa viatu vya kule.
Yule mweusi alikuwa hajagusa shayiri.
Nikasubiri kipimajoto kilie:
thelathini na tisa nukta moja.
Nikasimama mbele ya ubao, chaki mkononi,
mahali pa jina pakiwa peupe.
Nikaandika namba kwanza.