Mizani

Miaka ishirini na sita nilipima miwa ya Lugazi:
trekta linapanda jukwaa, sindano inatetemeka,
natoa uzito wa tela, naandika, muhuri, pita.
Mpimaji hakupimwa.

Chai ya kiwandani haikuwa na kipimo.
Vijiko vinne, sukari bado ya kahawia,
bado na joto la mashine.
Nani hununua maji akiishi mtoni?

Draru mke wangu ndiye aliyewaona sisimizi
wakifuatana hadi ukingo wa choo,
kwa utaratibu, kama matrekta msimu wa kukata.
Alinyamaza siku mbili. Ya tatu akasema:
"Onzima, kiwanda kimehamia ndani yako."

Kliniki, tone la damu: kumi na saba nukta mbili.
Nikauliza, kwa mazoea ya kazi, pamoja na tela au bila?
Muuguzi hakucheka.

Nilidhani ni macho na miguu tu, na vidonge asubuhi.
Lakini Daktari Nassaazi, kule Kampala,
aliuliza habari za choo kikubwa,
kisha akaingiza kamera mahali ambapo
hata mama aliacha kupatazama nilipojua kutembea.

Kwenye kioo, utumbo wangu: handaki la waridi, linang'aa,
na humo vinyama vitatu.
Kimoja kina shina kama uyoga.
Viwili vimelala bapa, kama wadaiwa.

"Sukari ikikaa damuni," alisema, "mwili humwaga insulini,
na insulini haisukumi sukari tu,
huziambia chembe pia: oteni.
Haya si saratani. Bado."

Waya ukavikata. Sikusikia maumivu.
Lile *bado* ndilo nililolibeba mpaka Mukono,
nalipima, nalipima tena. Silabi mbili.
Halina tela la kutoa; uzito wote ni wake.

Usiku nikajaribu kutunga kwa kanuni, nane kwa nane:

*Nilipima miwa yao, nikasahau mwilini,*
*kumbe shamba la mazao, limo humu matumboni,*

mshororo wa tatu ukazidi mizani moja
nikauacha uzidi.

Sasa Draru hupika dodo na kalo, chai ni majani na maji.
Kamera inanisubiri baada ya miaka mitatu.
Leo alfajiri nilikwenda chooni na tochi.
Sisimizi mmoja.
Amesimama ukingoni, anapapasa hewa,
hajaamua.