Kikomo cha Umri

Lori lilifika Jumatatu, theluji ikiruka nyuma yake,
limebeba jenereta, meza nne za chuma,
na Mwalimu Ganzorig mwenye kofia ya manyoya ya mbweha
akiapa kwamba wino umeganda kalamuni.

Fomu za mwaka jana zilisema: miaka kumi na sita hadi thelathini.
Mwaka huu mstari ule umekatwa.
Mama aliuliza mara mbili kama kweli umekatwa,
kisha akavua glavu kwa meno, akaandika:
Dulamsuren. Hamsini na mbili. Mfugaji.
Kwenye "elimu ya awali" akaandika: mbuzi.

Nilicheka. Nina haki gani ya kucheka?
Kondoo sabini waliuzwa ili niende mji mkuu
nikasomee usimamizi wa biashara.
Mtaka cha mvunguni, sharti ainame;
cheti changu kimo mvunguni, ndani ya sanduku la bati,
nami nimeinama mara nyingi. Hakijawahi kuziba tundu.

Wiki ya kwanza alirudi na macho mekundu,
shali imetobolewa na cheche.
Wiki ya tatu nilimsikia akitukana, mara ya kwanza maishani mwangu:
elektrodi imenata, chuma kimepinda,
na Tuguldur, kijana wa miaka kumi na saba,
amemaliza mshono wake kabla ya chai.
"Mkono wake hautetemeki. Wangu umekamua mno."
Akalala akichora mstari hewani kwa kidole,
taratibu, kama anayeshona jeraha la farasi,
na nadhani ni hapo alipoipata:
majeraha ameyashona tangu utotoni.

Jiko letu lilivuja moshi tangu baba akiwa hai.
Kila vuli aliahidi fundi wa mjini.
Fundi wa mjini yuko kilomita mia mbili.

Jana usiku, kando ya lori, baridi ya kugandisha kope,
jiko limelazwa kifudifudi juu ya mbao,
mama akashusha kinyago. "Shika taa,
na usiuangalie moto."
Niliuangalia. Naandika haya machozi yakinitoka.
Nusu ni ya moto.

Leo hema halina moshi. Tunasikia harufu ya maziwa,
ya sufu mbichi, ya sisi wenyewe.

Ijumaa lori linaenda wilaya ya pili.
Kuna nafasi moja, amesema Mwalimu.
Fomu ninayo. Kwenye "elimu ya awali"
kalamu imesimama,
na wino haujaganda.