Alama za Karakana

Kabla gundi haijashika, redio imeshawashwa.
Antena yake ni waya wa shaba,
vumbi la mninga limeziba nusu ya spika,
kwa hiyo watangazaji wote wa michezo, wakifika kwetu Keko,
wana mafua.

Hapa hatusikilizi tu. Tunasahihisha.
Mzee Mfaume anapiga msasa mguu wa kabati
huku akitoa alama, kama mwalimu wa mwandiko:
"Huyu wa alfajiri, nne kwa kumi.
Anatusomea gazeti
ambalo mimi nimeshafungiwa vitumbua."

Chilongani anamtetea: jamani, ana takwimu.
"Takwimu!" Bi Tunu, fundi wetu wa vanishi, hainui hata kichwa.
"Kahesabu pasi mia sita arobaini na moja,
mpira wenyewe hakuuona.
Ukihesabu punje za wali
ndiyo umeshiba?"

Yeye wake alikuwa Salome Kisanji, wa saa saba mchana,
aliyemngoja mgeni amalize sentensi.
Wakamhamishia salamu za Jumapili.
Bi Tunu alipiga simu siku tisa kuulizia.
Ya tisa wakamjibu: mama, huo ni uamuzi wa utawala.
"Na vocha yangu iliyokwisha ni uamuzi wa nani?"

Lakini kuna mmoja tulimkubaliana,
wekundu kwa njano, bila utani:
Zuberi Lukindo, tuliyemwita Honi.
Kwake kona tu ni kiama.
Jumatatu kocha ni profesa,
Alhamisi afungashiwe virago.
Anauliza, anajijibu, anajibishia,
kisha anakimbilia tangazo la magodoro.
"Sifuri," alisema Mzee Mfaume,
"na hiyo nimempa kwa huruma."

Basi akaja.
Jumamosi, jua la utosi, mtu mwembamba,
shati la mikono mirefu limefungwa hadi kooni.
Anataka kitanda cha tano kwa sita, cha mama yake, Lushoto.
"Kiwe kifupi. Akikaa, miguu haimfiki chini."
Sauti ndogo, kama ya mtu anayeulizia njia ya msibani.
Nikamtajia laki nne na nusu.
Hakuomba nipunguze hata mia.
Nikamshuku: huyu ana tatizo.

Nikafungua kitabu cha risiti. Jina?
Akalitaja.
Msasa ukasimama.
Chilongani alikuwa na misumari mdomoni, akabaki nayo.
Ni Bi Tunu, brashi ikimdondoshea vanishi kwenye kandambili,
aliyeuliza:
"Mwanangu, mbona unatupigia kelele?"

Aliitazama redio yetu
kama unavyomtazama mbwa wa jirani.
"Nikinyamaza sekunde tatu,
kuna mtu nyuma ya kioo, anagonga kwa pete.
Ko, ko.
Mimi nilianzia matangazo ya vifo.
Kule upole wangu waliupenda."

Hakuna aliyecheka, na karakana hii
hucheka hata mtu akijigonga kidole.

Miguu tukaikata inchi nne.
Mzee Mfaume alikipiga msasa mwenyewe, mara mbili,
hadi uvunguni, ambako hakuna atakayepapasa
ila paka.

Jumatatu saa tatu honi ikalia:
penalti ile ni wizi, wizi wa mchana, ndugu msikilizaji, wizi!
Kijana wa randa akanyoosha mkono azime.
"Acha," Mzee akasema.
Tukatega masikio, na si kwa ajili ya penalti.
Kila alipotaka kuvuta pumzi
tuliisikia ile pete,
au tulidhani tumeisikia.

"Bado ni sifuri," Mzee Mfaume akasema baadaye.
"Ila sijui niiandike kwa jina la nani."
Halafu akaniuliza kama yule mama
miguu yake sasa inafika chini.
Nikasema sijui, hajapiga simu.
Gundi ilikuwa imeshakaukia kwenye brashi.