Mtoto Husoma kwa Ulimi

Asubuhi ya Julai hapa Ilembo ni nyeupe mara mbili:
umande ulioganda juu ya majani,
na pareto iliyofunguka bila kuuliza kama nimelala.
Nachuma kwa vidole vinne.
Cha tano kimepasuka, nakitunza kama mgeni.

Pareto huua wadudu. Ndiyo kazi yake, ndiyo bei yake.
Mimi si mdudu, lakini haikunielewa:
ilianza viganjani, ikapanda kiwiko,
ikavuka shingo kama mtu anayeijua njia,
ikaja kutua hapa, ukingoni mwa titi la kushoto,
titi analolipenda Anyambilile.

Wifi yangu Subilaga akaniletea tyubu kutoka Mwanjelwa.
Haikuwa na boksi. Ilikuwa na picha ya mwanamke
mweupe kuliko maua yangu, anacheka.
"Paka, wifi. Siku tatu tu, utateleza."

Kweli, siku ya tatu niliteleza.
Sikujikuna. Nililala kama gunia la viazi,
na mwanangu akaninyonya gizani
pale pale nilipopaka.

Wewe uliyewahi kunyonyesha, niambie:
nani huwasha taa saa nane za usiku
aangalie mtoto anakula nini?
Unampa. Basi.

Siku ya kliniki nesi Tweve alimning'iniza kwenye mzani,
akasubiri miguu itulie,
akachora nukta yake kwenye kadi.
Kisha akaligeuza shavu la mtoto kwenye mwanga wa dirisha.
Jekundu. Ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu.
"Huyu hulalia upande gani akinyonya?"
Nikaonyesha.
Hakuuliza tena, alinyoosha mkono tu,
nami nikafungua pindo la khanga
ambako tyubu ilikaa pamoja na nauli.

Nilingoja anigombeze.
Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu.
"Hii haina jina la dawa," akasema. "Ina jina la uzuri."
Nje kuna mama alikuwa anakohoa kwenye foleni,
na mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Akaongea polepole, kama anayehesabu mbegu:
hii usiipake tena.
Ya mikono nitakupa, ya ukurutu, nyepesi,
kidogo, kama punje ya mahindi.
Paka akishanyonya, si kabla.
Nawa kabla hujamshika.
Lakini hapa,
akagusa kifua chake mwenyewe, juu ya sare,
hapa ni sahani. Sahani hatuipaki rangi.
Chuchu ikipasuka kamua tone lako,
lipake, liache likauke lenyewe.

"Na muwasho?"
"Muwasho utakuwepo," akasema. "Vaa mikono mirefu shambani."
Nilimpenda kwa kutonidanganya.

Jioni nikapita kwa Subilaga.
Alikuwa amekaa jikoni, kichanga chake cha miezi miwili
kimezama ndani ya kitenge.
"Tyubu iko wapi?"
"Imebaki kliniki."
"Elfu nane, wifi! Elfu nane yangu!"
Sikujibu. Nilikaa kwenye kigoda, nikamenya naye viazi,
ganda baada ya ganda,
mpaka yeye mwenyewe akanyamaza,
akakisogeza kitenge pembeni,
akalitazama shavu la mwanawe kwa moto wa kuni.
Alilitazama muda mrefu.
Kisha akaomba sabuni.

Wiki ya pili sasa. Mikono yangu inawasha,
naipiga kwenye mapaja, natukana maua kwa lugha ya mama yangu.
Saa nane za usiku nawasha tochi ya simu.
Anyambilile anafinya macho, anakasirika, anarudi kazini.
Shavu linaanza kuwa shavu.
Hajui boksi, hajui lebo, hajui Mwanjelwa.
Yeye husoma kwa ulimi,
herufi moja moja,
na kila kilichoandikwa juu yangu
anakimeza.